Jibu likikataliwa, achia kibodi

Kwenye ICPC, mashindano ya vyuo vikuu ya kutatua maswali kwa kuandika programu, timu ina watu watatu, saa 5 na kompyuta moja. Kinachogombaniwa pale ni kibodi. Kwa hiyo programu uliyotuma kama jibu ikikataliwa na mfumo wa kusahihisha, usibaki umekodolea skrini macho huku mwenzako ana suluhisho tayari kichwani. Printi msimbo (code) wako, mpishe, ukatafute hitilafu kwa kalamu.

Anzia kwenye ukomo wa data uliotajwa katika swali. Kama n, yaani ukubwa wa data, inafika 200,000 na umeweka lupu (amri inayojirudia) ndani ya lupu, kila moja ikizunguka mara n, hizo ni hatua bilioni 40, nyingi mno kwa muda unaoruhusiwa. Acha kusoma msimbo, mbinu yenyewe ndiyo mbovu. Kama jumla inaweza kuzidi 2,147,483,647, namba ya biti 32 (int ya kawaida) itafurika na unaweza kupata hasi ya ajabu. Halafu pitisha n = 1 mstari kwa mstari (huyu mdogo ameangusha vigogo wengi). Kama swali lina majaribio mengi ndani ya faili moja, hakikisha safu (orodha za data, arrays) zinasafishwa kabla ya kila jaribio.

Kutuma kwa kubahatisha ni gharama: kila kosa ni dakika 20 za adhabu, ila zinahesabiwa tu swali hilo likitatuliwa mwishoni. Ndiyo maana dakika za lala salama, kwa swali ambalo bado limewashinda, mimi ningetuma tu. Katika kupanga nafasi, idadi ya maswali yaliyotatuliwa hutangulia adhabu.

Mazoezi? Codeforces, tovuti ya mashindano ya programu, inaruhusu kurudia shindano lililopita kwa muda uleule. Fanyeni wote watatu, kompyuta moja.