Namna Uongozi wa Chuo Kikuu Unavyopaswa Kufanya Maamuzi Wakati wa Dharura

Dharura inapozuka chuoni, iwe ni moto bwenini, mlipuko wa ugonjwa au shambulio la silaha, jambo la kwanza ni kujua nani mwenye mamlaka ya kuamua, na jambo hilo linapaswa kuwa limeandikwa na kukubaliwa miezi mingi kabla. Seneti na Baraza la Chuo ni vyombo vya mijadala mirefu, nayo dharura haisubiri akidi itimie. Teueni kikosi kidogo chenye mkuu wa chuo, msajili, mshauri wa wanafunzi, mkuu wa ulinzi, mganga, mwanasheria na msemaji, na kila mmoja awe na mtu wa kukaimu nafasi yake anapokuwa safarini.

Hata hivyo, tahadhari ya kwanza isisubiri kikosi hicho kukutana. Ofisa wa ulinzi aliye zamu apewe ruhusa ya kuituma mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea katika chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, tarehe 16 Aprili 2007. Risasi za kwanza zilipigwa bwenini mnamo saa 1:15 asubuhi na kuua wanafunzi wawili. Polisi walidhani ni ugomvi wa watu binafsi na kwamba muuaji ameshaondoka, uongozi ukakutana saa 2:25, na barua pepe ya kwanza ikatumwa saa 3:26, ikitaja tukio la risasi bila kusema kwamba kuna waliokufa. Mnamo saa 3:40 mtu yuleyule alianza kufyatua risasi katika jengo la madarasa, akaua watu wengine 30. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ilirekebishwa ili vyuo vilazimike kutoa tahadhari bila kuchelewa pindi hatari inapothibitishwa.

Tangazo liwe fupi na limwambie msomaji la kufanya: "Kuna moto Bweni la Tatu. Tokeni sasa, kusanyikeni uwanjani. Taarifa nyingine saa 4:30." Ikifika saa 4:30, tumeni taarifa hata kama hakuna jipya, kwani ukimya hujazwa na uvumi.

Kikosi kikishakutana, kila pendekezo lipimwe kwa kuuliza kama uamuzi huo unaweza kutenguliwa kesho. Kuahirisha vipindi vya siku moja ni jambo jepesi, liamuliwe upesi. Kufunga mabweni ni jambo zito, kwa maana wapo wanafunzi wasio na nauli, wapo wageni ambao mipaka imefungwa, na wapo wasio na nyumba nyingine isipokuwa chumba kile. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kila mmoja wao atalala wapi usiku huo, na viongozi wa wanafunzi wawepo kujibu. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, chuo kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, Marekani, kilifunga muhula mzima, wanafunzi wake wakapokewa na vyuo vingine, kikafunguliwa tena Januari 2006. Ulikuwa uamuzi mzito, lakini haukuwaacha watu wakisubiri wiki baada ya wiki.

Mwisho, mtu mmoja asiye na kazi nyingine kikaoni aandike saa, kilichojulikana wakati huo, kilichoamuliwa na aliyeamua. Seneti itakapokuja kuhoji, ihoji kwa kurasa hizo.