Jinsi ya kusoma bondi za molekuli kwa mionzi ya infraredi

Anayepima kwa mionzi ya infraredi hapa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, ashughulike kwanza na unyevu wa hewa, kisha ndipo aifikirie sampuli. Unga wa bromidi ya potasiamu, chumvi inayotengenezewa kidonge cha kubebea sampuli, hunyonya unyevu upesi, na maji hayo huchora kwenye grafu bonde pana (bonde ni mahali mionzi iliponyonywa) karibu na 3400 cm⁻¹, yaani mawimbi 3400 katika sentimita moja, na jingine karibu na 1640, hata mwanafunzi akaapa kwamba ameona kundi la hidroksili (oksijeni iliyoshikamana na hidrojeni) ambalo halimo. Ukaushe unga katika oveni ya nyuzi 110, uusage haraka pamoja na sampuli, miligramu 1 au 2 kwa 200 za unga, kisha ugandamize. Kidonge kikitoka cheupe kama chaki, rudia.

Mafuta hayana usumbufu huo. Nunua ya nazi na ya alizeti Kariakoo, ukatumie kifaa chenye fuwele ya almasi ambayo sampuli huwekwa juu yake bila kidonge. Futa fuwele kwa alkoholi, pima kwanza hewa tupu, kisha dondosha tone moja. Usikipumulie kifaa: kabonidioksidi ya pumzi itajionyesha karibu na 2349, ingawa oksijeni na nitrojeni za hewani hazionekani kabisa, kwa kuwa mtetemo wao haubadilishi mgawanyo wa chaji.

Bondi, yaani kiungo kati ya atomu mbili, hutetema kama springi iliyofungwa vitu viwili nchani: ikikaza, mtetemo huenda kasi na namba yake kwenye grafu hupanda; vitu vikiwa vizito, hupungua. Ndiyo maana kaboni na oksijeni zenye bondi moja huonekana kati ya 1000 na 1300, lakini zenye bondi mbili hupanda hadi karibu na 1700. Mafuta yote mawili yana bonde refu karibu na 1745, ambalo ni la kabonili (kaboni na oksijeni zenye bondi mbili) ya esta, kampaundi zinazounda mafuta.

Sasa kuza grafu karibu na 3009. Alizeti ina bonde dogo lililochongoka. Nazi karibu haina kitu. Hapo ni hidrojeni iliyoshikamana na kaboni yenye bondi mbili, na mafuta ya nazi yana bondi chache mno za namna hiyo. Chini ya 1500 mabonde hurundikana; eneo hilo linafaa kulinganishia grafu na grafu, na mimi sishauri kuanzia huko kueleza bondi mojamoja.

Mafuta yakiwa yamechacha, tazama kando ya bonde la 1745, upande wa kulia, ambako namba hupungua: bega likitokea karibu na 1711, asidi huru za mafuta zimeanza kujitenga.