SOMO: Kupima usumaku wa La2CuO4 kwa nyutroni, kuanzia sampuli safi mpaka iliyotiwa strontiamu

Wakuu habari za wikendi. Nimeombwa hili somo mara kibao, leo nimekaa chini nalishusha.

La2CuO4 (kampaundi ya lanthanamu, shaba na oksijeni) ichukulie kama ubao wa drafti. Kila atomi ya shaba ina kisumaku chake, kimoja kikielekea huku majirani wake wanne wote wanaelekea kule, ukijumlisha unapata sifuri, kwahiyo ukiisogezea sumaku ya kawaida huoni cha maana. Nyutroni haina chaji ila nayo ina kisumaku chake, inapenya mpaka ndani na inauhisi ule mpangilio. Wanafizikia Shull na Smart walilionyesha hili mwaka 1949 pale maabara ya Oak Ridge, Marekani, kwa MnO (oksidi ya manganizi), wakaipoza na kwenye grafu ya nyutroni zilizotawanyika vikatokea vilele ambavyo eksirei haivioni.

HATUA 1. Fuwele. Usumaku wa hivi unatawanya nyutroni kidogo sana, kwahiyo unataka fuwele ya gramu kadhaa, siyo kipande cha kuchungulia kwa lenzi. Inakuzwa kwenye tanuru la vioo, taa zinayeyusha fimbo kidogo kidogo, kama milimita 1 kwa saa, uvumilivu tu. Ukiibandika kwenye kishikizo cha alumini gundi ifunike kwa kadimiamu, yenyewe inameza nyutroni, maana gundi ina haidrojeni na haidrojeni inatawanya nyutroni ovyo mpaka inachafua data.

HATUA 2. Ilenge kwa vilele vya kawaida vya nyuklia, yaani vya viini vya atomi, (1,1,0) na wenzake (namba za mabano ni anwani ya kilele kwenye fuwele). Hapa hakuna maajabu.

HATUA 3. Mashine yenyewe ni ya ekseli tatu: monokromata inachagua nishati ya nyutroni zinazoingia, kisha sampuli, kisha analaiza inachagua nishati ya zinazotoka. Ni wazo la mwanafizikia Brockhouse kule Chalk River Kanada, ndiye aliyegawana Nobel na Shull mwaka 1994. Weka nishati meV (milielektroni-volti) 14.7, yaani urefu wa wimbi angstromu 2.36, halafu nenda (½,½,0), mkono wa detekta utakaa karibu digrii 25.5. NA WEKA FILTA YA GRAFITI!! Mimi mara ya kwanza, maabara moja Ulaya, nilisahau, nikapata kilele kizuriii kimesimama wima, nikampigia msimamizi wangu usiku kwa furaha, akaniuliza swali moja tu, "umeipasha moto?" Nikapasha mpaka kelvini 350, kilele kipo palepale hakijatikisika. Kumbe ni nyutroni za nusu ya wimbi zinapita kwenye monokromata pamoja na zile ninazozitaka, zinagonga (1,1,0) na kwenye grafu zinatua sehemu ileile ya usumaku. Filta ndiyo inazizuia. Usiku mzima umeliwa.

HATUA 4. Kwahiyo pasha moto. Sampuli safi kilele cha usumaku kinashuka taratibu na kuzimika karibu kelvini 325. Kisipozimika siyo cha usumaku, usibishane na joto.

HATUA 5. Sasa strontiamu. Kila strontiamu inayokaa nafasi ya lanthanamu inaacha tundu, yaani elektroni moja imepungua, na tundu likitembea kwenye drafti linaacha kete zimekaa rangi isiyo yake. Ikifika x=0.02 tu (x ni kiasi cha strontiamu kwa kila atomi ya shaba) mpangilio wa masafa marefu umekufa. Kuanzia kama 0.055 inakuwa superkondakta (ikipozwa inapitisha umeme bila ukinzani), na kile kilele kimoja kinapasuka kuwa vinne, (½±δ,½) na (½,½±δ), δ ikiwa umbali kutoka pale katikati. Wengi wanaisoma kama dalili kwamba matundu yamejipanga kwa mistari. δ inaenda sambamba na x mpaka kama 1/8 halafu inagoma kupanda, ndiyo ile grafu ya mtafiti Yamada ya 1998. Angalizo: sehemu kubwa ya usumaku huu unatetemeka, kwahiyo usikae kwenye nishati sifuri tu, panda meV chache utafute huko.

MASWALI

Swali: Mwalimu, vilele vinne vinathibitishaje kwamba ni mistari? Si inaweza kuwa mpangilio wa miraba?

Jibu: Umenibana vizuri mdogo wangu. Vinne peke yake havithibitishi, maana mistari ya huku kwenye tabaka moja na ya kule kwenye tabaka linalofuata nayo inatoa vinne. Mtafiti Tranquada na wenzake 1995 walitumia sampuli yenye neodimiamu, x=0.12, ambayo mistari inatulia, wakakuta na vilele vya chaji kwa umbali wa 2δ, mwelekeo uleule. Ingekuwa miraba vya usumaku vingegeuka digrii 45 ukilinganisha na vya chaji. Kwahiyo picha ni ya mistari kama kikoi, chaji inajirudia kila nafasi 4, usumaku kila 8.

Swali: Ila si umesema nyutroni haina chaji, imeionaje chaji?

Jibu: Haijaiona kaka, imeona viini vya atomi vilivyosogea kidogo kuifuata chaji.

Swali: Afrika hatuwezi kufanya hii? Nasikia Kinshasa kuna reakta.

Jibu: Ipo historia, reakta ya kwanza Afrika iliwashwa Kinshasa 1959, kW 50, ikafuata ya MW 1. Ila vilele hivi ni vidogo, reakta ya maabara ya ILL, Grenoble Ufaransa, ni MW 58 na bado utahesabu nyutroni usiku kucha. Kuchambua data lakini unaweza ukiwa popote dada, na muda wa mashine haununuliwi ukiwa unachapisha matokeo, unaandika maombi yanashindanishwa.

Swali: Filta unaiweka kabla ya sampuli au baada?

Jibu: Ukiwa umefunga nishati ya mwisho iweke baada ya sampuli, kabla ya analaiza. Ukisahau, namba ya msimamizi wako unayo.