Mkanda wa udi mbele ya wawekezaji

Kama wewe ni fundi wa Lamu uliyebuni mkanda wa kushikilia udi, na umealikwa kwenye kipindi cha televisheni ambapo wafanyabiashara huomba fedha kwa wawekezaji, usianze na historia ya taarab. Wengi wa wawekezaji hao hawajawahi kupakata udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Kaa kitini, vaa kikoi, weka udi mapajani bila mkanda, upige kidogo. Mgongo wake ni wa mviringo, utateleza tu, na mkono wa kulia utaanza kuubana badala ya kupiga. Waache waone hivyo. Kisha funga mkanda wako, inua mikono yote miwili hewani. Udi ukitulia, umeshamaliza nusu ya maneno.

Nusu iliyobaki ni hesabu, na hapo ndipo wengi wetu huzama. Ukiomba shilingi 500,000 kwa asilimia 10 ya biashara, umesema biashara yako yote ina thamani ya milioni 5. Watakuuliza milioni 5 hizo ziko wapi, nawe umeuza mikanda arobaini harusini! Jua gharama ya mkanda mmoja: ngozi, bizimu, uzi, saa zako mwenyewe (hizi husahaulika sana), na nauli ya mzigo kutoka Mokowe, gati ya bara, kwa boti.

Halafu, kabla ya kurekodi, peleka ombi la kulinda umbo la mkanda KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza na maumbo ya bidhaa. Kipindi kikishaonyeshwa, kila mwenye sindano na ngozi ameuona mkanda wako.

Na beba nyuzi za udi za akiba. Zina tabia ya kukatika siku hiyo hiyo.