Fungu la shule au zahanati likikatwa: namna ya kulidai mkiwa Tanga

Kabla hamjaitisha kikao, jueni kwanza mmekatiwa nini. Neno "kukatwa" hubeba mambo mawili. La kwanza ni fungu kupunguzwa kwenye bajeti yenyewe: mwaka jana liliandikwa milioni kumi, mwaka huu sita. La pili ni fungu kubaki palepale kwenye kitabu huku pesa haiji, au inakuja nusu, au inaingia Mei wakati mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mkidai la kwanza na tatizo ni la pili, afisa atawafungulia kitabu, atawaonyesha kwa kidole kwamba fungu lipo, na maneno yamekwisha. Mmerudi Makorora mikono mitupu.

Jambo la pili la kujua ni mfuko. Pesa inayoendesha huduma ndani ya Jiji la Tanga hutoka sehemu tatu: mapato ya ndani ya halmashauri (ushuru wa masoko, leseni, kodi za vibanda), ruzuku ya serikali kuu, na wafadhili. Kilichokatwa kwenye mapato ya ndani kimeamuliwa hapahapa na Baraza la Madiwani, kwa hiyo diwani wenu anaweza kukisemea. Kilichokatwa kwenye ruzuku kinataka mbunge, TAMISEMI na Hazina. Ajira za walimu ni za serikali kuu. Kumshikia Mkurugenzi mabango kwa sababu hajaajiri ni kupoteza Jumamosi nzima. Anachoweza ni kuhamisha walimu ndani ya halmashauri yake, kuwatoa shule zilizojaa na kuwapeleka za pembezoni. Basi mwombeni hicho.

Hesabu kwanza, kelele baadaye

Chukueni shule moja na mwezi mmoja mmoja. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilihesabiwa kwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: Sh 6,000 kwenda akaunti ya shule na Sh 4,000 kubaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme shule ina wanafunzi 780. Mara 6,000 ni Sh 4,680,000 kwa mwaka, yaani Sh 390,000 kwa mwezi. Taarifa ya benki ikionyesha Sh 260,000, tofauti ni Sh 130,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo namba yenu. Angalieni pia idadi ya wanafunzi iliyotumika. Watoto wakiongezeka Januari na takwimu za mwaka uliopita zikaendelea kutumika, pesa hupungua bila mtu yeyote kuwa amekata kitu.

Vyoo navyo vina kipimo: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule hiyohiyo ikiwa na wasichana 410 na wavulana 370, inahitaji matundu 21 na 15, jumla 36. Nendeni mkahesabu yaliyopo, na yale yaliyojaa au yasiyo na mlango msiyahesabu. Kwa walimu wa msingi, uwiano wa kawaida ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kila namba iandikeni na tarehe, na nani alihesabu.

Taarifa za shule zipitishieni kwa wajumbe wa kamati ya shule wanaotoka kwa wazazi. Za zahanati zipitishieni kwa kamati ya usimamizi wa kituo. Msimwombe mwalimu au muuguzi awapigie picha nyaraka kwa simu. Yeye ni mtumishi. Nyinyi mtalala kwenu salama na yeye ataitwa ajieleze. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kama ubao ni mtupu, hilo nalo ni hoja.

Kamati ikigoma au haina kitu, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi ina siku zisizozidi 30 kujibu. Aandike mtu mmoja kwa jina lake na aambatishe nakala ya kitambulisho, maana barua ya "sisi wananchi wenye uchungu" ni rahisi kuwekwa pembeni. Iwe fupi hivi:

"Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Tanga.
YAH: OMBI LA TAARIFA ZA RUZUKU YA UENDESHAJI, SHULE YA MSINGI (jina), JULAI HADI DESEMBA.
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (a) kiasi kilichoidhinishwa, (b) kiasi kilichopelekwa shuleni kila mwezi, na tarehe, (c) sababu ya tofauti, kama ipo."

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri huo hakuna siku ya 30 ya kuhesabu. Barua nyingi hufia hapa: mtu ameiacha kwa mlinzi getini, baada ya miezi miwili anaambiwa haikufika.

Kalenda ndiyo inayoua kampeni nyingi

Watu huamka Julai, bajeti ikishapita. Mwongozo wa bajeti hutoka kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka. Desemba na Januari vipaumbele vinakusanywa kwenye mitaa na kata. Kufikia Februari na Machi halmashauri inapitisha rasimu na mkoa unaipitia. Aprili hadi Juni ni zamu ya Bunge Dodoma, na Julai 1 mwaka mpya unaanza. Kwa hiyo hesabu zenu ziwe tayari Novemba. Mkichelewa, msikate tamaa kabisa: Januari halmashauri huangalia utekelezaji wa nusu mwaka, na pesa iliyoidhinishwa lakini haijaletwa inaweza kudaiwa mwezi wowote.

Hoja ipande ngazi. Mkutano wa mtaa (au mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila miezi mitatu), halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu kamati za halmashauri, halafu Baraza. Kinachopanda ni muhtasari, makofi hayapandi. Kabla ya kutawanyika, mwenyekiti asome azimio kwa sauti, mtendaji aliandike neno kwa neno, na likiwa na tarakimu zote. "Wananchi walilalamikia elimu" haina pa kwenda. "Mkutano umeazimia diwani aombe maelezo ya Sh 130,000 zinazopungua kila mwezi tangu Julai" ina pa kwenda.

Kwenye Baraza mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, haruhusiwi kusema. Swali mpeni diwani kwa maandishi mapema, ili aliwasilishe kabla ya kikao na Mkurugenzi alazimike kuja na jibu. Halafu nendeni watu ishirini hivi, mkae kimya kwenye viti. Diwani anayejua majirani zake wako nyuma yake hasahau swali.

Kupata watu

Saa kumi jioni, baada ya Alasiri, Jumamosi au Jumapili. Tangazo lipite misikitini na makanisani, kwenye vikoba na vijiwe vya kahawa vya Ngamiani. Kundi la WhatsApp peke yake huleta walewale. Sahare na Deep Sea tazameni mwezi kwanza. Wavuvi wa dagaa huingia baharini usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wako nyumbani. Mkutano wa siku za giza utajaza wazee na watoto.

Saini zikusanywe kwenye karatasi ambazo kila ukurasa una dai lilelile juu, kwa sababu kurasa hutengana na ukurasa wa majina matupu unaweza kubandikwa kwenye jambo lolote. Safu nne zinatosha: jina, mtaa, saini au dole gumba, tarehe. Namba za simu ziwe kwenye daftari la katibu peke yake. Orodha isipigwe picha na kurushwa mtandaoni. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na watoto wa shule nao msiwapige picha za sura kupamba kampeni.

Mkitaka kuandamana au mkutano wa hadhara pale Tangamano, mkuu wa polisi wa eneo apewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Pelekeni siku nne au tano kabla, na hapo pia rudini na nakala yenye muhuri.

Mitego miwili. Wa kwanza ni mgombea anayejitolea kulipia viti na spika. Viti vyake vikishakaa uwanjani, dai limekuwa la chama na nusu ya mtaa imerudi nyumbani. Kodisheni wenyewe, hata ikibidi watu wakae kwenye mikeka.

Wa pili ni michango. Pesa ya mlinzi na chaki ikikosekana, mzazi huombwa achangie, na kwa huruma anachangia. Mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka kwamba kuna fungu. Mkiamua kuchanga, muhtasari useme ni kwa dharura, kwa miezi mingapi, kiasi gani, kwamba ni hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa. Jumla ya michango hiyo iongezeni kwenye barua inayofuata kama pesa ambayo wazazi wameziba pengo la serikali.

Jibu likija, lisomwe kwenye mkutano wa mtaa hata kama ni la kukataa. Jalada liwe na nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine nyumba tofauti. Katibu akihama kwenda Muheza na jalada lake, mtaanza upya kutoka kwenye kuhesabu vyoo.