Hereni sikioni, radi kwenye ramani: jinsi ninavyofanya huku Muleba

Nafuga ng'ombe wa Ankole na chotara wachache wa maziwa wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, kwenye kilima ambacho ukigeuka tu unaliona Ziwa Victoria. Ng'ombe hulala nyumbani karibu na kibanja, yaani shamba la migomba, na kwa desturi asubuhi wanapanda rweya. Asiyeijua rweya, ni uwanda wa majani mafupi juu ya mgongo wa kilima, miti ya kuhesabu. Kitu kirefu kuliko vyote pale juu ni ng'ombe mwenyewe, na anayemfuatia kwa urefu ni mchungaji. Kwa hiyo mimi hereni za kielektroniki na ramani ya radi naziweka kwenye daftari moja. Hereni inaniambia ni ng'ombe yupi, ujumbe wa mchungaji unaniambia alikuwa wapi. Ramani inaniambia ni saa gani asiwe pale.

Tuanze na hereni, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Ile ya duara yenye chipu haina betri na haionyeshi ng'ombe alipo. Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa na chipu ndogo. Kisomeo kikisogezwa karibu kinatoa mawimbi ya redio ya kilohezi 134.2, waya unapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayo, chipu inarudisha nambari yake ya tarakimu 15, basi. Kwa kisomeo cha mkononi ni umbali wa kiganja au viwili. Tarakimu tatu za mwanzo mara nyingi ni nchi: 834 ni Tanzania, 404 Kenya, 800 Uganda. Ukiona zinaanzia kwenye 900 na kuendelea, hiyo ni nambari ya kiwanda. Na lile swali ninaloulizwa kila josho: hapana, hereni haivuti radi. Radi hutafuta kilicho juu kuliko vingine, haifuati kipande cha shaba kinachoenea kwenye ukucha. Hata nguo nyekundu haiivuti.

Kuvalisha, mwite afisa mifugo wenu, hasa kama hereni ni za serikali, maana yeye ndiye anayeingiza nambari kwenye daftari la taifa na atakwambia ni sikio lipi. Cha kusimamia wewe ni mahali pa kutoboa: katikati ya sikio, kati ya ile mistari miwili migumu ya gegedu, mbali na mshipa wa damu. Ukitoboa karibu na ncha, kichaka kitaichana hereni ndani ya msimu mmoja. Koleo lichovywe kwenye dawa kila baada ya ng'ombe, na kazi ifanyike wakati nzi si wengi.

Kusoma nambari ni rahisi zaidi wakati wa kuogesha, wanapopita mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya kuingilia joshoni. Ikiwa kingo za njia hiyo ni za bomba la chuma, kisomeo kitasuasua. Sogea karibu zaidi na sikio. Zima jenereta au pampu iliyo jirani, kwa sababu nayo hupiga kelele kwenye masafa hayo hayo. Nambari zikifika kwenye Excel, ile programu ya majedwali, hakikisha ile safu umeiweka kama maandishi na si hesabu. Usipofanya hivyo utaona 8.34E+14 kwa kundi zima, na Bihogo hutamtofautisha na ndama wake.

Sasa ramani. Fungua Google Earth kwenye simu au kompyuta, chora mpaka wa kila eneo la malisho ulipe herufi. Mimi nina A hadi F: A ni bondeni kwenye mto, F ni kileleni. Kila siku mchungaji anatuma WhatsApp herufi, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Usimdai zaidi ya hayo, hataandika.

Radi yenyewe ina vyanzo vitatu, na kila kimoja kina kasoro yake.

Cha kwanza ni picha ya miaka mingi. Setilaiti ya TRMM ilibeba kifaa cha kuhesabu mimweko ya radi kuanzia 1997 hadi 2015, na kingine kama hicho kikakaa kwenye kituo cha anga cha kimataifa kuanzia 2017 hadi 2023. NASA, shirika la anga la Marekani, wanatoa ramani hizo bure. Humo utaona Ziwa Victoria limewaka, na kule ng'ambo, Kabare mashariki mwa Kongo, ikishika nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Lakini mraba mmoja wa ramani hiyo una upana wa kilomita 11 hivi. Utakuonyesha mwezi mbaya, shamba baya hautakuonyesha.

Cha pili ni ramani ya papo kwa papo ya Blitzortung, mtandao wa watu wa kujitolea wenye vipokezi vinavyonasa mawimbi ya redio yanayotolewa na radi. Radi moja ikisikika kwenye vituo kadhaa, tofauti ndogo ya muda inaonyesha ilipopiga. Vituo ni vichache upande wetu ukilinganisha na Ulaya, hivyo radi nyingi zinapita bila kuhesabiwa. Ramani ikiwa tupu usiseme kuko salama.

Cha tatu ni redio ya mkononi yenye MW, yaani masafa ya kati. Itege kwenye namba isiyo na stesheni. Kila mchakacho mkali ni radi mahali fulani, na ikianza kuchakacha mfululizo, wingu linakuja hata kama kwako jua linawaka. Halafu hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikifika 30 au chini ya hapo, kundi linashuka. Kurudi juu ni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, na mchungaji akinung'unika anung'unike.

Jambo moja huwachanganya wengi: ramani hizi nyingi huandika saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Toa tatu unapata saa yetu ya Kiswahili; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. UTC 09:00 ni saa sita mchana. Kama haitoshi kutoa, ongeza kumi na mbili kwanza: UTC 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Na angalia tarehe, kwa maana UTC 23:00 ya Jumatatu kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, yaani tarehe inayofuata.

Kila radi ya karibu ninaiandika: tarehe, saa, upande, sekunde. Mwisho wa msimu nazipanga kwa mwezi na kwa saa, kisha naweka pembeni saa ambazo ng'ombe walikuwa E na F. Hapa ndipo kazi inapolipa. Ushauri wa jumla unasema ogopa alasiri, na kwa Kisii au Kakamega, Kenya, mashariki mwa ziwa, ni sawa, maana huko mawingu hupanda juu ya nchi kavu mchana. Sisi wa magharibi mwa ziwa ni kinyume. Dhoruba hujengeka juu ya maji usiku, upepo wa mashariki unazisukuma kwetu, zinatua alfajiri na asubuhi, saa ile ile ng'ombe wanapopelekwa kileleni. Kwa hiyo wakati wa masika na vuli kundi langu linaanzia A asubuhi, F ni baada ya saa nane mchana. Kiangazi ratiba inageuka.

Miti nayo iwekwe kwenye ramani. Mti mrefu uliosimama peke yake uzungushie uzio ili ng'ombe wasijikinge chini yake. Radi ikiupiga, umeme unasambaa ardhini, na ng'ombe miguu ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, hivyo unapanda huku na kutokea kule ukipitia moyoni. Norway mwaka 2016 kulungu wa kaskazini (reindeer) 323 walikufa pamoja kwa namna hiyo mlimani Hardangervidda, wamesongamana. Seng'enge ndefu pia huleta umeme kutoka mbali. Ikate waya vipande, na kila mwanya uzibe kwa mbao.

Ng'ombe akikutwa amekufa, soma hereni, piga picha ya nambari, na linganisha saa na daftari la radi. Usimpasue. Kimeta nacho huua ghafla, na mzoga wake unaweza kutoa damu puani na nyuma. Kama daftari halina radi siku ile, mashaka yazidi. Na hata kama radi ipo, nyama isiguswe mpaka afisa mifugo aseme. Akishathibitisha kuwa ni radi, andika nambari ya hereni kwenye taarifa yake, na kama una bima soma kwanza ikiwa radi imo. Kisha mfute kwenye orodha ya kundi, hereni yenyewe usimvalishe mwingine.