Kutofautisha MGB ya mwanzo na ya baadaye: usianze na bampa

MGB, gari la michezo la kampuni ya MG, ilianza kuuzwa mwaka 1962, ikaundwa Abingdon, Uingereza, hadi 1980. Wengi huigawa kwa bampa: za kromu ni za mwanzo, nyeusi ni za kuanzia Septemba 1974. Lakini bampa hufunguliwa kwa spana, na magari mengi ya mwishoni yamevishwa kromu ili yapandishwe bei. Mimi hukagua hivi.

Hatua ya 1: Soma namba ya chesisi. GHN ni gari la wazi. GHD ni GT, lile lenye paa la kudumu lililotoka 1965. Tarakimu inayofuata ndiyo ya kuangalia: 3 ni toleo la kwanza, 4 ilianza mwishoni mwa 1967, na 5 ilifuata hadi mwisho. Hiyo 5 ina magari ya kromu na ya bampa nyeusi pia, kwa hiyo endelea.

Hatua ya 2: Fungua boneti. Injini ya silinda nne ni cc 1,798 miaka yote. Zenye namba inayoanza na 18G au 18GA zina kranki ya beringi kuu 3; kuanzia 18GB, mwishoni mwa 1964, ni 5, na hizo ndizo imara zaidi. Injini hubadilishwa sana, basi linganisha na chesisi.

Hatua ya 3: Kagua umeme. Toleo la kwanza lina dainamo, na chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Hakikisha hilo kabla ya kuunga redio au chaja. Ukikosea utaunguza kitu. Toleo la pili lilileta alteneta, na hasi ikawa ndiyo inayofungwa kwenye bodi.

Hatua ya 4: Angalia nyuma ya viti na uvunguni. Hapa ndipo gari lililovishwa hujulikana. Gari la kromu lina sehemu mbili za betri, kulia na kushoto, maana lilitumia betri mbili za volti 6. La bampa nyeusi lina sehemu moja tu. Usihesabu betri, kwani wengi wameshaweka moja ya volti 12. Tazama bodi yenyewe.

Kisha pima kimo. Ili kutimiza sheria za Marekani, gari la bampa nyeusi liliinuliwa kama milimita 38, na mhimili wa chini ya injini ukabadilishwa. Kromu mbele, tumbo juu: uliza maswali.

Ukiwa hapo chini, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake, gongagonga vizingiti vya milango. Ndivyo vinavyobeba gari la wazi, na kutu huanzia ndani.

Hatua ya 5: Liendeshe. Kwenye toleo la kwanza, gia namba moja haiingii vizuri mpaka usimame kabisa. Zile zilizoinuliwa huyumba konani. Afadhali za modeli ya 1977 na kuendelea, zilizoongezewa fimbo ya kuzuia kuyumba nyuma. Kwa gari la kuendesha kila siku, ningechukua la 1968 hadi 1974, mradi vizingiti ni vizima.